Misumari Sita kwa Bati Moja

Siku ya kwanza kazini nilifika mapema mno, mlango wa ofisi ukiwa bado na kufuli. Nilikuwa nimebeba faili la masomo ya chuo, mashine ya kuhesabu, tepu ya kupimia, na kalamu nne, kwa sababu nilifikiri kalamu tatu zinaweza kukauka kwa pamoja. Nilisimama ng'ambo ya barabara ili nisionekane mwenye haraka. Kisha nikahofu kwamba nikionekana ng'ambo watadhani nimechelewa, nikavuka. Nilivuka mara tatu. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mikate pembeni akaniuliza, "Baba, umepoteza kitu, ao unapima barabara?"

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ya kukadiria nyumba katika ushirika mmoja wa akiba na mikopo hapa Kasongo. Nimeifanya miaka mitano. Najua huo si muda ambao watu huuandikia kumbukumbu. Walionitangulia walizeeka katika kazi hii na hawakuandika lolote. Lakini mkataba wangu umekwisha, na wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaotaka kuifanya wananiuliza ni kazi gani hasa. Nimejaribu kuwajibu kwa mdomo, na kila mara nimeongeza mengi mpaka wakachoka. Afadhali niandike.

Kukadiria ni kwenda kutazama nyumba au kiwanja ambacho mwombaji wa mkopo anataka kukiweka dhamana, useme kina thamani gani leo, na kama kitakuwa bado na thamani hiyo siku mkopo utakapokwisha. Sehemu ya kwanza ya kazi hiyo nilifundishwa chuoni. Sehemu ya pili nilifundishwa na Shefu wa mikopo, yaani mkuu wa idara hiyo, na baada yake na mama mmoja wa Salamabila, ambaye kwa karatasi zangu nzuri nilikaribia kumpotezea mabati yake yote.

Shefu wa mikopo alikuwa mtu mfupi, mtaratibu, aliyevaa kofia ya kufuma na koti lilelile kila siku. Asubuhi ile hakuniuliza nilisoma wapi. Alinipa jina la mtu na njia ya kufika, nyuma ya soko, akasema nenda ukaone nyumba. Nilikaa huko kwa saa tatu nzima. Nilirudi na mchoro wa kurasa mbili.

"Ukuta?" akauliza.

"Matofali ya kuchoma, Shefu. Yamepakwa saruji nje na ndani."

"Milango?"

"Mitatu. Mmoja wa chuma."

"Misumari?"

"Misumari gani, Shefu?"

"Ya juu. Kila bati iko na misumari ngapi?"

Nilisema sikuhesabu. Akanirudishia mchoro wangu bila kuufungua ukurasa wa pili.

"Basi haukuona nyumba, Bwana Lisansie. Uliona ukuta."

Jina hilo, Lisansie, yaani mtu wa digrii, lilinibakia mpaka mwisho. Nilirudi kule, nikaazima ngazi kwa jirani, nikapanda huku mwenye nyumba akiniuliza kama nimekuja kuiba au kukopesha. Misumari ilikuwa sita kwa kila bati. Shefu aliposikia hivyo akaandika neno moja tu kwenye faili: atabaki.

Baadaye alinieleza. Katika sehemu zetu bati ni akiba. Mtu hununua moja moja, akipata mauzo ya mpunga au ya mafuta ya mawese, akaliweka chini ya godoro. Siku ya shida analiuza. Mnunuzi wa bati lililotumika huliinua juani kabla ya kusema lolote, na kila nukta ya mwanga anayoiona inashusha bei. Kwa hiyo mtu anayejua kwamba siku moja ataling'oa hupiga misumari michache iwezekanavyo, juu ya mgongo wa bati, na kipande cha kandambili chini ya kichwa cha msumari ili maji yasipite.

"Mbili, mutu huyu anaenda," alisema Shefu. "Sita, anabaki."

"Na minne?"

"Nne, bado anafikiri. Huyu umwache, umurudilie kisha mwezi."

Miaka miwili ya kwanza nilifanya kazi Kasongo na vijiji vya Nyangwe. Nitawaeleza Kasongo kama nilivyojifunza kuisoma. Wapangaji wa hapa ni walimu, wauguzi, watumishi wa serikali, wanafunzi, na wafanyabiashara wanaohitaji chumba cha kulala na kingine cha bidhaa. Hawana fedha nyingi, lakini hawaondoki. Mpangaji hutoa garanti, malipo ya miezi kadhaa mbele, kabla ya kupewa ufunguo. Pango ni dogo, na nyumba hurudisha gharama yake polepole sana, hata mtu anachoka kungoja. Hata hivyo watu wanaendelea kujenga. Fedha nyingi za ujenzi hazitoki hapa, zinatoka kwenye dhahabu ya Kabambare, kwenye machimbo ya Salamabila. Mwenye shimo akifanikiwa kule, analeta fedha zake Kasongo na kuzigeuza kuwa matofali, kwa sababu matofali hayaibiwi njiani na ndugu hawawezi kuyaazima. Ndiyo maana mtaa wetu una nyumba kubwa zilizofungwa kufuli, hazina mtu, na pango la vyumba vidogo halipandi. Ukitaka kujua habari za Salamabila bila kusafiri, tazama kuta za Kasongo. Zikipanda, kule wanapata. Zikiishia kiunoni na nyasi kuota juu yake, unajua.

Nilijua yote hayo. Niliyaandika hata kwenye daftari. Ndipo nikahamishwa kwenda Salamabila, na kwa namna ambayo bado naitafakari, nikasahau kuyatumia.

Safari ilikuwa siku mbili kwa pikipiki. Tawi la Salamabila lilikuwa chumba kimoja cha mbao, na mkuu wake tulimwita Jeran, meneja wa tawi, kijana mwenye maneno ya haraka ambaye kila Jumatatu alitakiwa kutuma Kasongo idadi ya mikopo mipya. Siku niliyofika alinitembeza mtaani. Nyumba zilikuwa za mbao na turubai, zimebanana, na kila moja ina wapangaji: wachimbaji waliotoka Kivu na Tanganyika, wanunuzi wa dhahabu wenye mizani ndogo mfukoni, mafundi wa pikipiki, na wale wenye mashimo ambao huko huitwa PDG, kama wakurugenzi wa kampuni kubwa, hata kama PDG mwenyewe hana viatu.

"Huku hawapangi nyumba," Jeran aliniambia. "Wanapanga wiki. Kila siku ya posho mwenye nyumba anapita mulango kwa mulango."

Nilipohesabu malipo ya wiki nne nikaona chumba cha mbao cha Salamabila kinalipa kuliko nyumba nzima ya Kasongo. Nilihesabu tena nikidhani nimekosea. Kisha nikapanda ngazi, kama nilivyofundishwa, nyumba kumi na mbili mfululizo. Misumari miwili. Miwili. Miwili. Nikaandika kwenye daftari: ujenzi hafifu, mafundi hawana ujuzi. Daftari hilo ninalo bado. Huwa nalifungua ukurasa huo nikianza kujiona mwerevu.

Mama Sikujua alikuja ofisini wiki ya pili. Alikuwa mwenyeji wa kijiji kimoja upande wa Kabambare, Mbangubangu kwa kabila, na alikuwa akipika wali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwa wachimbaji. Pamoja na wanawake wenzake sokoni alikuwa kwenye likelemba, mchango wa zamu, ila likelemba yao ilikuwa na desturi yake: anayefikiwa na zamu hapewi fedha mkononi, anapelekwa dukani na wenzake wawili, ananunuliwa mabati, na wanamsindikiza nayo mpaka chumbani. Kwa njia hiyo alikuwa na mabati arobaini. Alikuwa akilala juu yake. Kitanda chake kilikuwa mabati yenye godoro.

Mabati hayo yalikuwa na kazi yake. Marehemu mume wake alimwachia kiwanja Kasongo, karibu na shule ya wauguzi ambako binti yao alikuwa anasoma. Mama alitaka kujenga kwanza vyumba vya kupangisha Salamabila, avune miaka miwili, kisha ang'oe mabati na kwenda kumalizia maisha yake Kasongo chini ya mabati hayohayo. Alichokosa ni fedha za mbao na milango. Ndizo alizokuja kukopa.

"Mama, unataka kujenga kwa mbao?" nilimuuliza.

"Mbao, baba. Ninabomoa asubuhi, jioni iko pahali pengine."

"Ushirika hautoi mkopo kwa nyumba ya mbao. Dhamana lazima iwe nyumba ya kudumu: matofali, sakafu ya saruji, paa lililofungwa vizuri. Ni kanuni."

"Walioandika kanuni hiyo walisha kufika hapa?"

"Sidhani, Mama."

"Njo maana wanapenda matofali," alisema, akacheka mpaka Jeran akainua kichwa.

Nilimwomba siku tatu za kufikiri. Ningeweza kumwambia aendelee na likelemba na kungoja. Ningeweza kumwandikia Shefu kwamba kanuni haifai mahali hapa. Lakini niliogopa kwamba barua ya namna hiyo kutoka kwa mtu mgeni ingeonekana kiburi, na hesabu yangu ya pango ilikuwa nzuri sana, na Jeran alikuwa anangoja namba ya Jumatatu. Niliandika maoni: ajenge kwa matofali. Nilimpelekea Mama maoni hayo nyumbani, nikamweleza kwamba pango la vyumba sita lingelipa tofauti yote ya gharama kabla ya mwaka wa pili. Alisikiliza akichambua mchele.

"Weye ulisoma," alisema mwishoni. "Kama ingekuwa mama yako, ungemuambia vile?"

Nilisema ndiyo. Nilikuwa nasema kweli, na hilo ndilo linanisumbua zaidi.

Fundi wake alipofika kwenye paa alitaka kupiga misumari miwili. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilimwambia Mama kwamba paa la misumari sita litaonyesha kuwa yeye ni mtu wa kuaminika, na ushirika utaharakisha sehemu ya pili ya mkopo. Mafundi walitazamana. Mama alisema tu, "Piga vile anasema Lisansie." Misumari mia mbili arobaini.

Vyumba vilijaa hata kabla ya rangi kukauka. Vilikaa vimejaa miezi saba. Nilikuwa nikipita pale kila siku ya posho kwa ajili ya kufurahi tu.

Kisha kijana mmoja wa pikipiki akaja na habari kwamba kuna mshipa mpya wa dhahabu umeonekana mbali msituni, mwendo wa siku nzima. Asubuhi iliyofuata nilisikia nyundo mtaa mzima, nikadhani watu wanajenga. Walikuwa wanabomoa. Msumari wa kwanza, msumari wa pili, bati chini. Mbao zikafungwa kamba, turubai zikakunjwa, pikipiki zikapakiwa. Kufikia mwisho wa juma lile mtaa ulikuwa uwanja wenye mashimo ya nguzo, na katikati yake nyumba moja ya matofali yenye vyumba sita, imefagiliwa vizuri, haina mtu.

Mama Sikujua alikuwa ameketi mlangoni na sufuria yake ndogo. Nilisema kwamba huenda watarudi.

"Watarudi wapi, baba? Angalia. Hata mwizi haiko."

Jeran alikuwa na haraka ya kukamata dhamana. Nilimuuliza tukiikamata tutamuuzia nani. Hakuna aliyetaka matofali yaliyosimama mahali pasipo na wapangaji. Kitu pekee chenye thamani kilikuwa mabati, na kanuni ilisema dhamana haibomolewi. Kwa hiyo mabati ya Mama yangekaa pale juu, ya ushirika kwa karatasi na ya kutu kwa ukweli, na yeye angebaki na mkopo, bila kitanda.

Niliandika barua ya kurasa kumi na moja. Nilisafiri nayo mwenyewe mpaka Kasongo, nikiisoma kila tulipopumzika, nikipata kila mara sentensi ya kubadilisha. Shefu wa mikopo alikuwa anafungasha vitu vyake. Alikuwa anastaafu mwisho wa juma lile. Aliipima barua mkononi kama mtu anayepima mchele.

"Unaomba nini, Lisansie?"

"Nimeeleza kuanzia ukurasa wa nne, Shefu, ila kwanza kuna historia ya—"

"Kwa mudomo."

"Ang'oe mabati, ayalete hapa Kasongo, na dhamana ihamie kwenye kiwanja chake cha huku. Nimekitazama. Kina fishe ya kiwanja na sahihi za majirani." Fishe hiyo ndiyo karatasi ya kwanza inayoonyesha kiwanja ni cha nani, kabla mtu hajapata hati kamili.

"Dhamana haibomolewe. Kifungu kile ulikisoma?"

"Mara nyingi."

"Na bado unaomba. Ju ya nini?"

Nilikuwa na sababu tisa, zote zimeandikwa. Nikatoa moja ambayo haikuwemo. "Kwa sababu ni mimi niliyemwambia sita."

Sikumficha lile daftari. Nilimwonyesha ukurasa wa ujenzi hafifu. Alisoma, akafunga, akavuta kalamu.

"Miaka hii yote nilikataa nyumba za mbao," alisema akitia sahihi. "Kila mwaka niliona zile za mbao zinalipa na za matofali zinalala. Sikuandika barua hata moja. Leo naenda kupumzika, watanifukuza kazi gani?"

Nilirudi Salamabila kusimamia kazi ya kung'oa. Ni kazi ya taratibu kuliko kupiga: unaweka kibao chini ya makucha ya nyundo ili bati lisikunjike, unavuta kidogo kidogo. Matatu yalichanika. Thelathini na saba yaliyobaki tuliyaviringisha kama mikeka, na vijana wa pikipiki waliokuwa wakila kwa Mama walikubali kuyabeba kwa gharama ya mafuta tu. Mama mwenyewe hakushughulika na mabati. Aliokota misumari. Alikaa juu ya jiwe akiinyoosha mmoja mmoja, akiitia kwenye kopo la maziwa.

"Mama, hiyo ni misumari tu," nilimwambia.

"Niliinunua," alijibu.

Huko Kasongo Mama alijenga vyumba vitatu, kimoja chake na viwili vya kupangisha. Wanafunzi wa uuguzi walitoa garanti ya mwaka mzima wa masomo, na garanti hiyo ndiyo iliyonunua milango. Katika mji wetu hakuna mkopo wa bei nafuu kuliko huo. Mkopo wetu ameulipa polepole, kwa pango dogo lisilokatika, na ameumaliza mwezi mmoja kabla ya mkataba wangu kwisha. Mvua ya kwanza ilipokuja alimtuma binti yake aniite. Alinikaribisha kiti, nikakaa, na tone likaniangukia shingoni.

"Mama, panavuja hapa."

"Njo maana nilikuweka pale," alisema, akanipa chai. Kila bati lilikuwa na matundu sita ya misumari ya Salamabila. Siku iliyofuata niliyaziba kwa lami na vipande vya kandambili, yote, siku nzima, na sikuona kama ni adhabu kubwa.

Wanafunzi huniuliza fomula. Zipo, na mzijifunze. Lakini nyumba haiwi nzuri au mbaya peke yake. Inategemea fedha za mahali pale zinakaa au zinatembea, na mkopo uliojengea unadai nyumba ya aina gani. Tulimlazimisha mtu wa mahali panapotembea ajenge kitu kisichotembea, kwa sababu tu sisi tulitaka dhamana. Wasiokopa kwetu walijua zaidi, na walikuwa wameandika ujuzi wao juu ya paa, wazi, kwa misumari miwili. Niliusoma nikauita ujinga. Kanuni, kwa habari yenu, haijabadilishwa. Barua yangu nyingine iko njiani, na hii ni ya ukurasa mmoja.

Mimi pia nilikuwa na mabati chini ya godoro, kumi na sita, na kiwanja kidogo upande wa barabara ya Nyangwe. Nilikaa nayo mwaka mzima nikijiuliza kama kesho yangu iko Kasongo, au Kindu, au mbali zaidi. Mwezi uliopita kuta zilifika juu, nikapanda ngazi mwenyewe. Mama Sikujua alikuja kutazama. Shefu naye alikuja, bado na koti lile, akasimama chini huku mkono mmoja ameshika ngazi.

"Ngapi kwa kila bati?" aliuliza.

Niliangalia bati la kwanza. "Minne, Shefu."

"Bado unafikiri," alisema. Mama Sikujua alifungua mfuko wake, akatoa kopo la maziwa, akaninyooshea misumari miwili iliyonyooshwa juu ya jiwe.

Nikaipiga yote miwili, nikashuka kuchukua mingine.